Nilivyompeleka Mzee Guo kwa Mwanawe Wasso

Tangu nirudi kutoka Wasso siwezi kununua nyanya sokoni bila kusimamishwa. Mama mmoja wa jumuiya yetu kaniuliza kama ni kweli Wamasai walinikamata na mzigo wa ngozi za punda. Mwingine kasikia kwamba yule mzee wa Kichina alinifia njiani. Hata paroko, baada ya misa, ameniuliza kwa upole kama nina jambo lolote la kumwambia. Sina. Ila nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila nikimaliza kipande, mtu anaondoka nacho na kuongeza cha kwake. Kwa hiyo nimekaa nikaandika yote, tangu tulipotoka hapa Karatu mpaka niliporudi. Mambo ya vibali nayaruka, hayana utamu.

Kwa asiyemjua, Mzee Guo ni baba yake Wei, injinia anayejenga barabara upande wa Wasso. Miezi mitano iliyopita Wei alimleta baba yake kutoka China akampangia nyumba ya pili kutoka kwangu, kwa sababu kambini familia haziruhusiwi, na hapa kwetu kuna baridi aliyoizoea. Mimi ni muuguzi mstaafu. Wei aliniomba niwe nakwenda asubuhi na jioni, nimpime mzee presha, nimpikie uji, nimpe vidonge vyake. Mzee ana miaka sabini na tisa. Kiswahili hajui, Kiingereza hajui, na hata Kichina chake ni cha kijijini kwao, simu ya kutafsiri inakisikia nusunusu. Siku moja alikunywa uji wangu wa ulezi, akaisemea simu, simu ikatamka: "Tope lako leo ni zuri." Tukaishi hivyo miezi mitano.

Nitasema ukweli, sikumwamini. Alikuwa anakaa mlangoni kutwa nzima na mfuko wa turubai magotini, na nilipotaka kuufua aliukumbatia kama mtoto. Jambo la pili ni punda. Kila punda alipopita na madumu ya maji, mzee aliinuka, akamfuata, akampapasa mgongo, akamfungua mdomo kutazama meno. Mtaa mzima ulimwona. Sote tumesikia habari za punda kuibwa na kuchunwa ngozi zikauzwe mbali. Nikaweka akilini.

Kisha Wei akapiga simu. Nimlete mzee Wasso na vitu vyake vyote, gari litakuja Jumatano. "Ila usimwambie mengi, mama," akasema. "Atasumbuka bure."

Nimekuwa nesi miaka thelathini na minne. Maneno hayo nimeambiwa na watoto wa wagonjwa wengi, na sikumbuki hata mara moja ambapo yalifuatwa na jambo jema. Hata hivyo nikafunga mizigo.

Karatu mpaka ukingoni

Dereva anaitwa Temba, mtu wa Rombo, amebeba watalii tangu akiwa kijana. Alisema atafika saa kumi na mbili asubuhi, akafika saa tatu, na bila kuomba radhi akaniuliza, "Mama, mgeni wetu ana mzigo gani ule?"

"Nguo zake," nikasema.

"Nguo hazikumbatiwi hivyo."

Tukapita lango la hifadhi la Lodoare, tukapanda msituni. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nyani walionekana tu walipokuwa wamefika dirishani. Tulipofika pale wageni wote wanaposimama kutazama kreta, ukungu ukafunguka kama vile tulikuwa tumepiga hodi. Temba akazima gari. Mimi nimekwenda pale mara nyingi na bado nashuka kila mara. Mzee Guo hakushuka. Nikamfungulia mlango, nikamwonyesha bonde kwa mkono. Akatazama mkono wangu, hakutazama bonde, kisha akavuta mlango akaufunga mwenyewe.

Nikammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Akainusa. Akanirudishia, akaonyesha kwa kidole kwamba ninywe mimi kwanza. Nikanywa. Akasubiri, akinitazama koo, na baada ya muda mrefu ndipo akakubali kumiminiwa yake.

Temba aliona yote kwenye kioo. Tulipoondoka akasema, "Mgeni asiyetaka kuona kreta sijawahi kumbeba. Huyu hakuja kutalii. Na anakuogopa, mama. Mtu anayeogopa nesi ana jambo."

"Sisi manesi wote wanatuogopa," nikamwambia. "Ni sindano." Lakini ile chai ilinichoma. Miezi mitano ananywa uji wangu, leo ananionjesha kama mwizi.

Olbalbal

Tuliteremka Malanja, tukaacha barabara kubwa ya watalii, tukashika njia ya vumbi kuelekea Olbalbal. Hapo ndipo nchi inapobadilika, kijani kinakwisha na upepo unaanza. Ng'ombe wengi walikuwa wamehamishiwa mbali kufuata maji, tukaona nyayo zao tu. Saa sita hivi kitu kikalia chini ya gari, Temba akashuka, akachungulia. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika. Akasema ataifunga kwa mti na mpira wa tairi itufikishe mbele, ila kazi yenyewe ni ya saa mbili au tatu. Simu hazikuwa na mtandao.

Mbele yetu kidogo palikuwa na tangi la maji, na akina mama wa Kimasai walikuwa wamepanga punda wao wakisubiri zamu. Nilikuwa nimeinama namshikia Temba jeki. Nilipoinuka mzee hayupo kwenye gari. Yuko kati ya punda, na mfuko wake begani, anapapasa migongo, anafungua midomo.

Nikatembea haraka bila kukimbia, maana mtu akikimbia anaongeza jambo. Sikuwahi. Akina mama walikuwa wameshaita, na wanaume watatu walikuwa wanakuja na fimbo zao. Aliyetangulia, mtu wa makamo, baadaye nilijua anaitwa Lemayan, alinisalimu kwanza kwa heshima.

"Takwenya."

"Iko," nikaitikia.

"Mama, huyu ni mgeni wako?"

"Ni wangu."

"Anatafuta nini kwenye punda wetu?"

"Sijui," nikasema.

Huo ulikuwa ukweli, na lilikuwa jibu baya kuliko yote niliyoweza kutoa. Lemayan akanitazama juu mpaka chini. "Umemleta mwenyewe na hujui?"

Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba punda wanne waliibwa hapo tangini baada ya mvua, wakakutwa korongoni wamechunwa, nyama imeachwa. Kabla ya hapo alikuja mtu na pikipiki, Mtanzania mwenzetu, akawashikashika hivi hivi. Walimwacha aende kwa sababu alikuwa mgeni na walimwonea haya. "Safari hii hatuoni haya," akasema. "Afungue mfuko."

Nikamwonyesha mzee kwa mikono afungue. Akatikisa kichwa. Nikamwonyesha tena. Akarudi nyuma, akaukumbatia. Watu walikuwa wameshatuzunguka, Temba yuko chini ya gari, na mimi nilikuwa na miezi mitano ya kutaka kujua kilichomo mle. Nikaushika mfuko nikauvuta. Yeye akavuta upande wake. Nina nguvu kuliko yeye, nimegeuza wagonjwa kitandani maisha yangu yote. Nikamnyang'anya.

Sijivunii. Niliona uso wake nilipofanya hivyo.

Mlikuwa na koti la pamba, pakiti mbili za tambi kavu, bahasha ya picha, karatasi moja iliyokunjwa, na kisu kifupi ambacho ncha yake imepinda kama kucha. Lemayan akakiokota kisu.

"Cha kuchunia," akasema.

Nilisikia upepo ukipiga bati la tangi. Nikajiambia, Martina, umemleta mwizi wa punda kwa wenye punda.

Mzee Guo akanyoosha mkono wazi, siyo kwangu, kwa Lemayan, akaomba kisu. Alipoona hapewi, akageuka akaenda kwa punda mmoja jike aliyekuwa amesimama pembeni, ameinua mguu wa mbele kidogo. Akachuchumaa, akauinua ule mguu, akauweka gotini pake, akaonyesha kwato kwa kidole. Kisha akaonyesha kisu.

Mwenye punda alikuwa bibi mmoja mwembamba, Koko Nasieku. Koko ndivyo wanavyomwita bibi. Akasema jambo kwa Kimasai, wanawake wenzake wakacheka, na Lemayan akanitafsiria huku hataki kucheka. "Anasema punda huyu habebi maji tangu mwezi uliopita. Kama mgeni ni mwizi, basi ni mwizi mjinga, angemwendea aliye mzima. Anasema apewe kisu."

Akapewa. Lemayan akasimama nyuma yake na fimbo.

Nimeona madaktari wengi wakifanya kazi. Mikono ya yule mzee, ambayo kwangu ilikuwa ikitetemeka na kikombe, haikutetemeka hata kidogo. Alichonga kwato pole pole, kipande kwa kipande, mpaka akafika mahali peusi. Akakandamiza, punda akashtuka, usaha ukatoka mwingi na harufu yake. Hapo sikuhitaji tafsiri. Nikakimbilia gari nikaleta chupa ya maji moto na chumvi niliyokuwa nimefunga kwa ajili ya viazi. Nikaosha, yeye akashika. Akachana kipande cha bitana ya koti lake akakizibia pale. Punda alipouweka mguu chini aliuweka wote.

Baada ya hapo akatoa bahasha, akampa Koko Nasieku picha, siyo mimi. Nilichungulia begani kwa bibi. Picha ya kwanza ilikuwa ya Mzee Guo mwenyewe, nywele bado nyeusi, ameshika hatamu ya punda aliyefungwa mkokoteni, mbele ya nyumba ya udongo na miti ya matunda. Ya pili ni mahali pale pale, kilima cha nyuma ni kile kile, ila nyumba hakuna, miti hakuna, kuna maghorofa marefu yamesimama kama meno. Koko akaitazama ya kwanza, akaitazama ya pili, akarudia. Kisha akaweka kidole juu ya punda na kumtazama mzee, kama anayeuliza. Mzee akapunga mkono hewani, mara moja. Ameondoka.

Tulipewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mzee hakunionjesha yale. Alipokea kwa Koko akanywa yote.

Malambo

Tulifika Malambo jua likiwa bado lipo, tukapata vyumba na makande yenye nyama ya mbuzi. Nilitaka kumwomba mzee msamaha lakini mtandao wa pale ulikuwa wa kupiga tu, simu ya kutafsiri ilizunguka ikakata tamaa. Nikamwekea nyama iliyo laini, nikadhani ataelewa.

Alikula kidogo, akafuta mikono, akatoa ile karatasi iliyokunjwa akaitandaza mezani. Ilikuwa na maandishi ya Kichina na picha ya jengo refu jeupe. Mbele ya jengo nesi amemshika mzee mkono, wote wawili wanacheka kupita kiasi.

Akaonyesha nesi wa kwenye picha, kisha mimi. Nikafurahi. "Ndiyo," nikasema, nikaitikia kwa kichwa. "Nesi. Mimi nesi."

Akaonyesha mzee wa kwenye picha, kisha yeye mwenyewe. "Ndiyo, mzee."

Akaonyesha jengo, kisha akanyoosha mkono nje, njia ya Wasso. Nikajua anauliza kama Wasso kuna hospitali. Ipo, na kwa umri wake alikuwa na haki ya kuuliza. "Ndiyo, ipo," nikasema, nikaitikia kwa kichwa mara tatu ili asiwe na wasiwasi.

Akaikunja karatasi kwa mistari yake ya zamani. Akasukuma sahani, akaenda kulala.

"Umemwambia nini?" Temba akauliza.

"Nimemtuliza tu," nikasema.

Sale

Asubuhi tulisimama Sale, Temba achomelewe springi. Tukakaa kwenye kibanda cha chai. Nilikwenda uani, nikarudi, mzee hayupo, mfuko haupo.

"Nilijua," Temba akasema, amesimama na glovu za fundi mikononi. "Kuna watu wake anakutana nao hapa. Lile jambo la kwato lilikuwa la kutuzuga."

Nilimwambia anyamaze, lakini nilikuwa nimeshafikiri hivyo hivyo kabla yake. Nikauliza kila niliyekutana naye. Watu wa pale ni Wasonjo, wao wenyewe hujiita Batemi, na wana mifereji ya maji waliyoirithi, inayoshuka kutoka vilimani mpaka mashambani. Mama mmoja aliyekuwa na mzigo wa kuni akaniambia amemwona Mchina anafuata mfereji kuelekea juu, anatembea haraka, anageuka nyuma kila mara.

Nilimtafuta kwa saa nzima na ushee. Nilimkuta katika shamba la maharage, suruali imekunjwa magotini, matope mpaka kwenye ndevu, ana jembe. Pamoja naye alikuwa mzee mwenzake wa pale, wanazibua mfereji uliokuwa umejaa mchanga. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja, lakini mmoja alipoinua jembe mwenzake alijua pa kukanyaga.

Mzee Guo aliponiona alisimama. Hakukasirika, hakukimbia. Aliweka jembe chini taratibu, akanawa miguu, akavaa viatu, akachukua mfuko wake akaanza kutembea kuelekea gari bila kunitazama.

Yule mkulima akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Unampeleka wapi?"

"Kwa mwanawe. Wasso."

"Mwache hapa, anajua maji. Ameona pale mfereji ulipovuja kabla yangu." Akamtazama anavyokwenda. "Na kama ni kwa mwanawe, mbona anatembea kama anapelekwa mahakamani?"

Kuanzia hapo nikaanza kumshuku mtu mwingine. Nikakumbuka sauti ya Wei kwenye simu. Usimwambie mengi.

Wasso

Wei alikuwa amesema tukutane karibu na geti la hospitali kwa sababu panajulikana. Temba akasimamisha gari pale pale. Wauguzi wawili walikuwa wanatoka zamu, na sare zao nyeupe.

Mzee Guo aliwaona. Akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nilipofungua mlango wa upande wake, akasema neno la Kiswahili alilojifunza kwangu, lile ninalomwambia kila siku nikimaliza kumfungua kile kitambaa cha presha mkononi. "Basi," akasema. "Basi. Basi." Mashavu yalikuwa yamelowa.

Hapo mtandao ulikuwepo. Nikafungua simu nikamwekea mdomoni, nikamwonyesha aseme. Akasema, akanyamaza, akasema tena. Simu ikafikiri, kisha ikatamka kwa ile sauti yake ya mtangazaji: "Mimi sijaanguka hata siku moja. Ninakula mwenyewe. Kwa nini unaniacha katika jengo la kusubiri?"

Nikaichukua simu. "Karatasi yako," nikasema, "ni ya nini?"

Simu ikamwuliza. Akajibu. "Ni nyumba ya wazee. Mwanangu ameandika jina langu, niliikuta kwenye vitu vyake. Wewe ni nesi wa nyumba hiyo. Jana ulikubali."

Temba akazima injini, akashuka, akaenda kusimama mbali.

Ndugu zangu, fikirini. Tangu nilipofunga vitu vyake Karatu mimi namchunga yeye, na yeye ananichunga mimi. Chai, alinieleza baadaye, alidhani nimeitia dawa ya usingizi. Kreta alidhani ndipo ninapomwacha. Mfuko niliomnyang'anya ndio ulikuwa na ushahidi wake wote wa alikotoka. Na pale Malambo nikakaa mbele yake na kuitikia kwa kichwa, nikacheka kama yule nesi wa kwenye picha.

Nikaiambia simu: "Mimi sitoki katika nyumba hiyo. Mimi ni jirani yako. Nakupeleka kwa Wei." Alisikiliza mara mbili. Akaachia kiti kwa mkono mmoja. Ule mwingine akauacha palepale.

Wei akaja na pikapu ya kambini. Ni mtu wa miaka hamsini, mwembamba, buti zina vumbi, na Kiswahili amekipata kwa mafundi. "Shikamoo, mama." Akamwinamia baba yake akamshika bega. Sikumpa nafasi ya kukaribisha mtu. Nikamwonyesha karatasi pale pale barabarani.

"Hiyo ya zamani," akasema. "Baba anachanganya mambo. Umri, mama."

Hayo nayo nimeyasikia kando ya vitanda vya wagonjwa wengi.

Nilipaswa kurudi siku ya pili asubuhi na mapema. Sikurudi. Nilikwenda kwenye vyumba viwili alivyokuwa amepanga Wei mjini, nikawakuta wanakunywa chai. Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamwambia Wei amwulize baba yake, mbele yangu, kuhusu nyumba ile. Wei akasema maneno machache. Mzee akajibu kwa muda mrefu, bila kuinua macho, na mara mbili sauti ilimkatika.

"Anasema sawa," Wei akaniambia. "Amekubali."

"Maneno yote yale, ni 'sawa' tu?"

Nikaweka simu mezani katikati ya vikombe. "Arudie hapa."

Wei akanitazama. "Mama, humwamini mtoto wake?"

"Simwamini yeyote anayefupisha maneno ya mzee," nikasema.

Mzee akaisemea simu kwa karibu, sentensi moja moja, akisubiri kila moja itamkwe kama anayehesabu mbegu. Simu ikasema: "Walipobomoa nyumba nilitia sahihi, kwa sababu ulisema. Punda akaenda, nikanyamaza. Nilipanda ndege kwa sababu ulisema. Nikakaa peke yangu katika nyumba ya baridi nikasubiri Jumapili, wewe hukuja, nikanyamaza. Sasa naomba, mara hii moja, uniulize."

Wei alifunika uso. Kisha akaongea na mimi, nadhani kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuongea na baba yake. Kazi ya barabara inakwisha, kampuni inampeleka nchi nyingine, mbali zaidi, jangwani. Yeye ni mtoto pekee. Mke wake ni mtoto pekee. "Wazee wanne, mama, na sisi tuko wawili. Yeye anafanya kazi huko, mimi huku. Kijiji hakipo tena, majirani wametawanyika kwenye maghorofa, hakuna mtu wa kumwambia amwangalie baba. Ile nyumba ya kule China ni nzuri. Nilitafuta iliyo nzuri. Kumwambia ndiko kulikonishinda, nikasema wewe ni nesi, ukifika naye tutamwambia pamoja."

Kumbe kweli nilikuwa nimetumwa kazi ile, ila hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo. Lakini sikuweza kumwona kama mtu mbaya. Nilimwona amechoka.

"Muulize anataka kwenda wapi," nikasema.

Akauliza. Safari hii jibu lilikuwa fupi na Wei akashtuka. "Anasema kwa shangazi Mei. Dada yake. Lakini hawaongei, mama, miaka mingi. Waligombana kwa ajili ya mpaka wa shamba."

"Shamba lenyewe liko wapi?"

Wei akafikiri. "Sasa ni maegesho ya magari."

"Basi hawana cha kugombania. Mpigie."

Akapiga ya video. Akatokea bibi wa uso mpana, nyuma yake kuku na ukuta wa matofali. Kaka na dada wakatazamana bila kusema chochote, muda mrefu kiasi kwamba nilidhani picha imeganda. Kisha yule bibi akaanza. Sikuhitaji mtu wa kutafsiri kwamba mzee anagombezwa. Aligombezwa kwa dakika kumi nzima, ameinamisha kichwa, na katikati ya hapo nikaona mabega yake yanatikisika, anacheka.

Shangazi Mei alisema aje. Ana chumba, ila paa linavuja na kuni atapasua mwenyewe. Mzee atakaa na Wei pale Wasso mpaka kazi iishe, halafu Wei ampeleke kwa dada yake kabla ya kwenda huko jangwani. Wei aliahidi. Kama atatimiza sijui, na nimewaambia wote wawili kwamba sijui. Ndiyo maana nilimfanya aahidi wakati shangazi yake bado yuko kwenye simu, maana yule bibi hataacha kupiga.

Nilipoaga nilimwomba mzee msamaha kwa ajili ya mfuko. Simu ikamwambia. Akafikiri, akajibu, na simu ikanisomea: "Na mimi vidonge vyako vya vitamini nilivitupa uani kila siku." Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kurudi

Temba alikuwa amepata wageni wengine akaondoka, nami nikarudi kwa basi. Ni safari ndefu na vumbi lake mnalijua. Nilikaa na mama wa Kimasai aliyekuwa anampeleka mkwe wake kliniki, tukala viazi vyangu vilivyobaki, bila chumvi.

Tulipokaribia Karatu simu yangu ikaita. Alikuwa Emanueli, mwanangu mkubwa, yule wa Dar es Salaam. Akaniuliza habari za safari, akaniuliza magoti, akaniuliza kama paa limetengenezwa. Kisha akasema atakuja mwezi ujao na mke wake, kuna jambo wanataka kukaa na mimi tulizungumze.

"Jambo gani?" nikamwuliza.

"Tutaongea nikija, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Liseme sasa."

Nikasikia magari ya huko kwake. "Tumekutayarishia chumba huku," akasema hatimaye. "Hiyo nyumba ya Karatu ni kubwa kwako peke yako. Tulifikiri..."

"Mmefikiri na nani?"

"Mama, ndiyo maana nakuja. Nilitaka nikuulize."

Basi lilikuwa linateremka, naona taa za kwanza za Karatu zinawaka upande wa kanisani. Yule mama wa Kimasai alikuwa amegeuza uso dirishani kunipa nafasi.

"Basi njoo uniulize," nikamwambia. "Na uje na muda wa kusikia jibu lote."